Kabla hujapaka rangi bodi ya gitaa lako

Juzi usiku kijana mmoja wa Kondoa alinitumia picha ya bodi ya gitaa aliyoichonga mwenyewe. Kapaka staini ya kahawia, ile rangi inayonywewa na mbao, imetoka mabaka mabaka, huku nyeusi, kule imepauka. Akaandika: "Kaka, kazi ya miezi mitatu imeharibika kwa dakika kumi. Nifanyeje?" Niliitazama ile picha muda mrefu, maana bodi yangu ya kwanza ilitoka hivyo hivyo.

Ilikuwa ya paini, zile mbao zinazotoka Mafinga. Niliichonga uani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, unene milimita 44 kama Stratocaster, lile gitaa la umeme la Fender, na vipimo vyote vilikaa. Habari za kuchimba nafasi ya pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, na kufunga shingo nazipita, zilikwenda salama. Balaa lilianza kwenye rangi. Paini ina sehemu laini na sehemu ngumu, kwa hiyo hainywi staini sawasawa. Tena pale nilipounganisha mbao mbili, gundi ilichuruzika nikaifuta kwa kidole tu. Ikikauka huioni. Ukipaka staini, kila ilipogusa gundi panakataa rangi. Vidole vyangu vitatu vilijichora pale pembeni ya daraja linaloshika nyuzi za gitaa, mpaka mistari ya ngozi ikaonekana.

Nikapiga vanishi nikitegemea itaficha. Yale mabaka yakang'aa, ukayaona tangu mlangoni. Nikalipeleka gitaa mazoezi ya kwaya hivyo hivyo. Kiongozi akaligeuza mara moja, akanirudishia, akasema mbele ya wenzangu wote, "Hili tutapiga siku nyingine." Siku hiyo haikufika. Mwaka mzima nilipiga gitaa la kuazima. Hakusikiliza hata noti moja! Mpaka leo nikikumbuka, moyo unauma.

La pili nimelimaliza mwezi uliopita, la mninga wa Tabora. Kipande kimoja kilikuwa na ukanda mweupe upana wa vidole viwili, na seremala akanishauri niukate. Nikakataa. Nilichanganya rangi ya unga na spiriti, nyepesi kama chai ya rangi, nikaupitisha ule ukanda peke yake kwa brashi ndogo mara nne, kila mara nikingoja ukauke, mpaka ukafanana na wenzake. Jumapili nililipiga kanisani. Watu watatu waliniuliza nimelinunua wapi.

Sasa nyie mnaochonga, nisikilizeni. Msasa ndio kazi yenyewe. Anza namba 80, nenda 120, 180, mpaka 220, ukifuata nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi, mikwaruzo itanywa rangi na haitatoka. Futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu, nyuzi zitasimama, ngoja ikauke, piga 220 tena. Kisha zima taa, shika tochi ubavuni mwa bodi: alama ya gundi na mkwaruzo vitaonekana hapo. Kama ni paini, pitisha kwanza sila, dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao, iliyozimuliwa sana kwa thina, itapunguza mabaka. Na jaribu rangi kwenye kipande cha mbao hiyo hiyo. Usiniambie huna kipande, uliikata bodi kutoka wapi?

Kupuliza klia, yaani vanishi ya juu isiyo na rangi, hapa Dodoma kuna mambo yake. Mchana wa jua kali thina inakauka hewani kabla klia haijatulia, bodi inakuwa kama ganda la chungwa, na upepo wetu unaleta vumbi juu yake. Mimi napuliza saa moja asubuhi, sakafu nimeimwagia maji, barakoa usoni, jiko la mkaa liko mbali kabisa. Siku ya mvua naacha, unyevu unaifanya vanishi iwe na ukungu mweupe.

Halafu ngoja. Kama ukiinusa bado inanuka thina, haijakauka ndani. Yangu niliiacha wiki tatu ndipo nikashika msasa wa maji, 800 mpaka 2000. Kwenye kingo gusa kidogo sana, hapo ndipo klia inapotoboka upesi, na usiache maji yaingie kwenye matundu ya skrubu, mbao itavimba.

Tuna haraka sana, ndugu zangu, na tunaharibu. Nchi hii ya Wagogo ndiyo ya zeze, mwanamuziki wetu Hukwe Zawose alizunguka nalo dunia pamoja na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Hatuna sababu ya kuona aibu kupanda jukwaani na chombo tulichokichonga wenyewe, ila tukimalize kazi yake kwa heshima.

Mdogo wangu wa Kondoa, bodi yako haijafa. Rudi na msasa namba 80, ondoa rangi yote mpaka mbao ya asili ionekane. Ukifika 220, nitumie picha uliyoipiga kwa tochi ya ubavuni kabla hujafungua kopo la staini.