Jibu: Bingwa wa kwanza wa dansi ya barafuni Olimpiki

Mkuu, umeuliza ni Mrusi gani alianza kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye dansi ya barafuni, yaani dansi ya mwanamume na mwanamke wakiteleza kwa viatu vya barafu, na kama hiyo ndiyo ile ya kurushana juu. Hapana, ile ya kurushana ni mchezo mwingine wa barafuni, uitwao wa wawili-wawili. Kwenye dansi, mwanamume haruhusiwi kumrusha mwenzake wala kumnyanyua juu ya kichwa. Kazi yote iko miguuni na kwenye muziki.

Mrusi mwenyewe ni mwanamama Lyudmila Pakhomova, mzaliwa wa Moscow, 1946. Alianza kucheza na Viktor Ryzhkin, kisha akamchukua Aleksandr Gorshkov awe mwenzake, ambaye wakati huo wengi hawakumpa nafasi. Wakafunzwa na Elena Tchaikovskaya, na baadaye wakaoana. Enzi hizo Waingereza ndio waliotawala, na dansi yao ilikuwa ya ukumbini, nadhifu mno. Pakhomova akaleta moto wa jukwaa la maigizo: uso, mikono, hasira, mahaba. Kwangu mimi hapo ndipo mchezo ulipobadilika.

Ubingwa wa dunia wakauchukua mara 6: kuanzia 1970 hadi 1974, halafu 1976. Mwaka 1975 waliukosa kwa sababu Gorshkov alifanyiwa upasuaji wa pafu. Mwaka mmoja tu baadaye, mjini Innsbruck, Austria, dansi ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza na dhahabu ikawa yao!

Pakhomova akastaafu, akawa kocha. Leukemia, saratani ya damu, ilimuua 1986, hata miaka 40 hajafikisha. Tango yao, Tango Romantica, iliingizwa kwenye dansi za lazima za mashindano, zile ambazo washindani wote hucheza kwa hatua zilezile. Itafute mtandaoni, mkuu.