Maswali na majibu: Kupiga picha bustani na maghala ya zamani ya Tanga

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Tanga na Muheza, na yote yanahusu kupiga picha mji wao. Nimeyapokea kwa furaha. Majengo ya Tanga yanaanguka haraka kuliko yanavyopigwa picha, na anayeweza kuyawahi ni yule anayepita mbele yake kila siku.

Shikamoo. Nina simu yenye kamera nzuri na jioni sina kazi. Nianze na jengo lipi? (Kijana, Ngamiani)

Marahaba. Anza na lile ambalo hakuna anayelipiga picha. Mnara wa saa wa 1901 pale bustani ya Jamhuri una picha za kila pembe, na boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi halina shida. Maghala ya mkonge ndiyo hayana mtu. Toka mjini uelekee Ngomeni, Muheza, hadi Hale, ukatafute yale yaliyobaki.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kufikia 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa tani kama 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Singa zote hizo zilitoka korona, mtambo wa kutenganisha nyuzi na majani, zikaanikwa kwenye kamba, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota na kulala ghalani zikisubiri treni na meli. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei, mashamba mengi yakadorora, mabati yakang'olewa na mawe yakaenda kujengea nyumba nyingine.

Basi ukifika, piga jengo zima kutoka pande zote nne kabla ya kuhangaika na picha za kupendeza. Halafu sogea: mlango mkubwa na bawaba zake, matundu ya hewa juu ya ukuta, namba zilizoandikwa kwa rangi, kipande cha reli ya toroli kilichofukiwa na majani. Usizisahau kambi za manamba, vibarua wa mashamba hayo, zilizo karibu. Ghala bila nyumba za waliolijaza ni habari nusu.

Angalizo moja: usiingie chini ya paa linaloning'inia, na ukikuta popo, funga barakoa. Vumbi la kinyesi chao lina madhara kwenye mapafu.

Picha zangu za majengo yanayotazama bahari hutoka na uso mweusi, mbingu nyeupe. Simu ni mbovu? (Mama wa Raskazone)

Simu yako ni nzima, mama. Mji umekaa upande wa kusini wa ghuba, kwa hiyo majengo yanayotazama maji yanatazama kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini, yaani mgongoni mwa jengo, na uso unabaki kivulini. Juni, Julai na Agosti jua liko kaskazini na kuta hizo hupata mwanga. Panga kazi kwa miezi, usipange kwa saa peke yake. Ikikubidi kupiga Desemba, ngoja siku ya mawingu, mwanga uwe sawa pande zote.

Na ukuta mweupe wa chokaa ukizidi kung'aa, gusa ukuta kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole chini hadi uone mikwaruzo na nyufa zake.

Mlinzi alinifukuza nikipiga picha. Si haki yangu? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Inategemea ulikuwa wapi. Bandari, stesheni, kambi za jeshi na vituo vya polisi, usiinue kamera bila kibali, hata kama jengo lina miaka mia. Pale Jamhuri bandari iko jirani, kwa hiyo geuzia lenzi Kisiwa cha Toten au miti ya bustani. Shamba la mkonge lina mwenyewe, hata likionekana pori: pitia ofisini, au kwa mwenyekiti wa kijiji, useme unataka nini. Mlinzi akishakufahamu, mara nyingi ndiye atakayekuonyesha ghala ambalo usingelipata.

Na droni? (Huyohuyo)

Kibali kwanza, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Bila hivyo iache nyumbani.

Babu yetu alikuwa manamba. Tuna picha yake moja, amesimama mbele ya ghala. Nataka nimpige picha mwanangu palepale aliposimama babu. Nitapajuaje? (Dada, Muheza)

Dada, swali lako ndilo lililonigusa kuliko yote. Geuza picha kwanza usome mgongoni. Huenda kuna muhuri wa studio au jina la shamba. Kisha ipige nakala kandokando ya dirisha, bila flashi, uibebe nakala. Ya asili ibaki kabatini.

Nenda na nakala hiyo kwa wazee wanaokaa kwenye kambi za zamani. Usiwaulize "hapa ni wapi" peke yake. Waulize nani alikuwa nyapara, korona ilikuwa upande gani, treni ilisimama wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokutajia shamba. Yaandike, pamoja na jina la aliyesema, akiridhia.

Ukishalipata ghala, chagua kwenye picha ya babu vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali: tuseme kona ya mlango na kilele cha mlima nyuma yake. Angalia vimeachana kiasi gani. Sasa tembea kushoto na kulia mpaka viachane vilevile. Umeshapata mstari aliosimamia mpiga picha. Kisha songa mbele au rudi nyuma mpaka ukubwa wa mlango, ukiulinganisha na mlima, uwe kama kwenye picha ya babu. Kamera za zamani wengi walizishika kifuani, basi shusha simu hadi hapo. Mwisho, mweke mtoto kwa kuhesabu matofali au mawe kutoka mlangoni.

Kama paa limeondoka, tumia kuta. Kama kuta nazo zimeondoka, tafuta msingi, na milima ya Usambara haijahama. Ukitaka picha nyingine za Tanga ya wakati wa Mjerumani za kulinganishia, maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka nyingi kwenye intaneti.

Sikukuu ya Idi bustani hujaa watoto waliopendeza. Naweza kuwapiga picha? (Baba Asha, Makorora)

Mwombe mzazi kabla, mwonyeshe picha baada, na usiirushe mtandaoni bila ridhaa yake. Mtumie na yeye nakala. Familia nyingi hazina picha nzuri ya sikukuu.

Picha zangu zote ziko kwenye kundi la WhatsApp. Zipo salama? (Mwalimu, Pongwe)

Hapana, mwalimu. Ukituma kama picha, WhatsApp huikandamiza na kufuta tarehe na mahali ilipopigwa. Tuma kama dokumenti. Weka nakala kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski iliyo nyumba tofauti. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na upande uliosimama: "ghala, Ngomeni, upande wa magharibi". Wanafunzi wako wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Wagawie mtaa mmojammoja, wachapishe picha chache, na nakala mziweke maktaba ya shule.