Ujira wa Fundi, kati ya Mithali na Waraka wa Yakobo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kwa nini mimi, ninayejiita Mkristo, hutumia muda mwingi kufundisha Mithali na Torati ilhali tumeokolewa kwa neema. Nimefundisha darasa la Biblia la watu wazima kwa miaka 13, na sitajifanya mnyenyekevu: wapo waliobadili mwenendo kwa sababu ya darasa lile. Hata hivyo, jibu la swali hilo nililipata kwa fundi mwashi niliyekuwa nikimzungusha.

Mwaka juzi nilijenga jiko la nje. Fundi alipomaliza kuta alikuwa ananidai shilingi 180,000, na fedha nilikuwa nazo, ila nilitaka kwanza kununua mabati kabla bei haijapanda, kwa hiyo nikamwambia aje kesho. Alipokuja nikamwambia aje Ijumaa. Mara ya nne alinikuta nikiandaa somo, Biblia ikiwa wazi mezani, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja tena." Nikamrudisha. Kisha nikaendelea kusoma Mithali sura ya 3 hadi mstari wa 28, unaokataza kumwambia jirani aende na kurudi kesho hali kile anachokihitaji unacho.

Ningependa kuandika kwamba nilimkimbilia barabarani. Nilimlipa baada ya siku mbili, na wakati huo mtu mmoja wa kanisani alikuwa amekwisha kunisema mbele ya wazee wenzangu, jambo ambalo linaniuma mpaka leo, maana yeye mwenyewe ana madeni yanayojulikana mtaa mzima.

Tangu hapo sioni ukuta kati ya hekima ya Waebrania na mafundisho ya mitume. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe kabla jua halijatua, asije akamlilia Mungu dhidi yako. Yakobo, akiwaandikia Wakristo, anarudia kilio kilekile katika 5:4: ujira uliozuiwa unapiga kelele, na sauti za wavunaji zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Katika Kigiriki chake hapo hakulitafsiri neno la Kiebrania la majeshi, Sabaoth; aliliacha kama manabii walivyolitamka. Tena amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukuu, imo katika sura hiyohiyo ya Walawi, mistari mitano tu baada ya ujira wa kibarua. Sisi tumeuchukua upendo tukamwacha kibarua nje.

Lugha yetu nayo inatusuta. Neno la Kiebrania la haki, tsedaka, lina ukoo mmoja na sadaka tuliyoipata kwa Waarabu, na hekima yetu ni ndugu wa hokma, neno ambalo katika Kutoka 31 linatumika kwa Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Kwa hiyo yule niliyemsimamisha mlangoni alikuwa na hekima ya Biblia mikononi mwake, na mimi nilikuwa nayo mezani.

Ndugu msomaji, ushauri wangu ni mfupi: mlipe mtu siku aliyomaliza kazi. Kama huna fedha, mwambie ukweli kabla hajaanza. Kama unazo, mlipe. Usimtolee Mungu fungu la kumi kutoka katika fedha ya dada wa kazi ambaye hajapata mshahara wa miezi miwili, kisha ukasimama kushuhudia neema. Neema haikuja kukufutia deni la jirani, na Zakayo, yule mtoza ushuru, alipoipokea alianza kurudisha, tena mara nne.

Fundi wangu alipokea fedha zake kwa mikono miwili, akashukuru. Upande wa nyuma wa jiko bado haujapigwa lipu. Nimempigia simu mara kadhaa, naye kila mara hunijibu kwa adabu kwamba atakuja kesho.