Kutafuta mawe ya utumbo wa farasi kwa eksirei: kwenu mnaoanza kazi

Ukianza kazi kwenye hospitali ya farasi huku California, mawe ya utumbo hutayakwepa. Chuo Kikuu cha California, Davis kiliwahi kuchambua wagonjwa 900 wa aina hiyo, waliotibiwa kati ya 1973 na 1996. Farasi wengi huku hulishwa alfalfa, jani la malisho lenye magnesiamu na protini nyingi. Mnyama humeza changarawe, msumari au kipande cha kamba, kisha chumvi ya magnesiamu, amonia na fosfeti hujijenga juu yake tabaka kwa tabaka, hata jiwe lifikie ukubwa wa nazi. Akiletwa farasi wa Kiarabu ambaye tumbo limekuwa likimuuma na kuacha kwa miezi, mimi huwaza jiwe mapema, maana aina hiyo hupatwa sana.

Usitegemee kulipapasa kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Mara nyingi jiwe liko mbali, mkono haufiki. Ndiyo maana tunapiga picha.

Na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama: mashine ndogo ya kubeba, inayotosha kabisa kwa miguu, haina nguvu ya kupenya tumbo la farasi mkubwa. Tumbo hilo ni nene, na mionzi inayotawanyika ndani yake huifunika picha kwa ukungu. Tumia mashine yenye nguvu, weka gridi (kichujio cha kuzuia mionzi iliyotawanyika), mpe mnyama dawa ya kumtuliza ili asitikisike, na mpige picha akiwa amesimama, kutoka ubavuni. Picha moja haitoshi. Piga kadhaa zinazopishana, kuanzia nyuma ya kiwambo cha moyo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hadi karibu na nyonga, juu na chini. Bamba la picha liwekwe kwenye stendi, lisishikwe na mtu. Hili silegezi hata siku yenye wagonjwa wengi, kwa sababu picha za tumbo zinahitaji mionzi mingi.

Kama hali yake inaruhusu, mnyime chakula kwanza, maana utumbo ukipungua mzigo jiwe huonekana vizuri zaidi. Farasi mwenye maumivu makali msimsubirishe.

Kwenye picha, tafuta kivuli cheupe chenye ukingo ulio wazi. Pengine katikati yake msumari unang'aa. Mchanga nao ni mweupe, lakini hutuama chini kwenye sakafu ya tumbo na hauna umbo la tufe.

Jambo ninalowasisitizia kuliko yote ni hili: picha isiyo na jiwe haimaanishi hakuna jiwe. Lililo kwenye koloni kubwa, sehemu pana ya utumbo mpana, huonekana kwa urahisi zaidi. Lililonasa kwenye koloni ndogo, sehemu nyembamba inayofuata, hufichika, hasa tumbo likiwa limejaa gesi, na hilo ndilo mara nyingi huziba njia kabisa. Kwa hiyo kwenye ripoti andika "jiwe halikuonekana", usiandike "hana jiwe". Daktari wa upasuaji akisoma hivyo, ataendelea kuamua kwa maumivu, mapigo ya moyo na hali ya mnyama.

Umbo pia linasema mengi. Jiwe la mviringo mara nyingi huwa peke yake. Lenye pande bapa limesuguana na wenzake, na kila moja lazima litafutwe. Mwenye farasi akikuletea jiwe la namna hiyo aliloliokota kwenye mavi, mpige picha mnyama wake hata kama anakula vizuri.