"Tabu amelala" au "Tabu imelala"? Majina ya watoto na upatanisho wake

SWALI: Kaka yangu amepata binti, na wamemwita Tabu, jina la bibi yetu mzaa baba. Ndugu waliposikia, wengine walinyamaza. Mmoja akasema, "Mbona jina baya?" Mwingine akauliza kwa nini wasichague jina maarufu kama Neema. Mimi niliandika kwenye kundi la familia kwamba "Tabu imelala", nikasahihishwa bila kuelezwa sababu. Ipi ni sahihi? Na hayo maneno "baya" na "maarufu" yametumika ipasavyo?

JIBU: Hongera kwa kupata mpwa, Mungu amkuze. Aliyekusahihisha yuko sawa: sema "Tabu amelala".

Neno "tabu" la kawaida limo katika ngeli ya I-ZI, ndiyo maana twasema "tabu imezidi" na "tabu zimezidi". Lakini jina la mtu, litoke katika ngeli yoyote ile, huchukua upatanisho wa A-WA kwa sababu linalotajwa ni mtu. Ukisema "tabu imelala", msikilizaji anaelewa kwamba shida fulani imetulia. Ukisema "Tabu amelala", mtoto yuko usingizini. Kiambishi hicho kimoja, i- au a-, ndicho kinachobeba tofauti yote, na sehemu ya hofu ya ndugu zako inatoka hapo hapo. Kila jina hilo linapotamkwa kwa upatanisho wa kitu, wanaisikia shida, hawamsikii mtoto. Familia ikizoea a- na m-, sikio nalo litazoea.

Jaribu kwa majina ya ngeli nyingine. "Upendo umekuja" ni habari ya hisia, "Upendo amekuja" ni habari ya msichana. "Mashaka yamerudi", watu wameanza kutilia shaka. "Mashaka amerudi", kijana yuko mlangoni. "Tumaini limepotea" ni kukata tamaa, "Tumaini amepotea" ni jambo la kutoka mbio kwenda kumtafuta. Katika maandishi herufi kubwa husaidia, lakini katika mazungumzo haisikiki, na katika vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu haionekani. Uhuru Kenyatta alipokuwa rais wa Kenya, kuanzia 2013 hadi 2022, mhariri aliyeandika UHURU AMEREJEA na aliyeandika UHURU UMEREJEA walikuwa wanatoa habari mbili zisizohusiana kabisa.

Kitenzi ndicho rahisi. Wengi wanakipatia, kisha wanateleza kwenye maneno yanayofuata jina. Utasikia "Baraka yangu amefika", nusu mtu, nusu kitu. Sahihi ni "Baraka wangu amefika"; ukikusudia neema ulizojaliwa, "baraka zangu zimefika". Kosa hili lina chanzo chake. Majina ya ujamaa kama dada, kaka, mama na rafiki huchukua kitenzi cha A-WA lakini kimilikishi cha I-ZI: dada yangu amefika, rafiki zangu wamefika. Msemaji anauhamisha utaratibu huo hadi kwenye jina la mtu, nalo haliukubali. Ukiweka yote mawili pamoja, kimilikishi kinafuata neno la ujamaa: "mpwa wangu Tabu", "dada yangu Neema", lakini "Neema wangu" ukilitaja jina peke yake.

Vivumishi ni hivyo hivyo: Tabu mdogo, si Tabu ndogo, Furaha mrefu, si Furaha ndefu. Na usikiache kiambishi cha mtendwa. "Napenda furaha" ni kauli ya mtu anayependa kuchangamka, "nampenda Furaha" inaweza kuishia kwenye posa. "Tafuta amani" ni wasia, "mtafute Amani" ni kazi ya kufanya sasa hivi. Mahali husemwa kwa "kwa" au "kwake": tumekwenda kwa Shida, tumelala nyumbani kwa Baraka. Jina la mtu halitiwi -ni ya mahali.

Wingi unahitaji uangalifu kidogo. "Neema tatu" ni fadhila tatu. Watoto watatu wenye jina hilo ni "akina Neema watatu", ingawa "akina Neema" huweza pia kumaanisha Neema pamoja na wenzake. Pasipotakiwa utata, andika "watoto watatu waitwao Neema". Wao kwa wao ni wajina, au masomo kama wasemavyo wengine.

Kundi gumu kuliko yote ni la majina yaliyo sentensi nzima: Sikujua, Sijaona, Semeni, Siwatu. Hapa hata upatanisho sahihi hautoshi. "Sikujua alikuja" ni taarifa kuhusu msichana anayeitwa Sikujua, na pia ni udhuru wa mtu ambaye hakuwa na habari kwamba mgeni amefika. Sarufi imetimia pande zote mbili, maana ndiyo iliyogawanyika. Dawa yake ni kulitanguliza jina kwa neno la kulitambulisha: Bi Sikujua alikuja, mtoto Sikujua alikuja, dada Semeni amesema. Katika mazungumzo, kituo kifupi baada ya jina hufanya kazi hiyo hiyo.

Sasa neno "baya". Ndugu yako alikusudia kusema kwamba maana ya jina haikumpendeza, lakini maneno aliyoyatumia yanasema jambo zito zaidi. Katika Kiswahili "jina" ni pia sifa na heshima ya mtu. Anayekuchafulia jina hakugusa cheti chako cha kuzaliwa, amekuharibia sifa. Aliyepata jina baya ni mtu anayesemwa vibaya kwa matendo yake. Methali "Jina jema hung'ara gizani" nayo imesimama juu ya maana hiyo, na wanaoitoa ili kuwaonya wazazi wasimwite mtoto Tabu au Shida wameiondoa mahali pake. Inahusu mwenendo. Kusema kwamba mtoto wa wiki moja ana jina baya ni kumtia doa kabla hajatenda lolote, na ninaliona kuwa kosa la lugha na la adabu kwa pamoja.

Anayetaka kutoa maoni yake aseme ni kipi hasa kilichomkwaza. Ikiwa ni maana, aseme jina lina maana nzito. Ikiwa ni matamshi, ni jina gumu kutamka. Ikiwa ni kwamba vijana wa sasa hawalitumii, ni jina la kizamani. Likiwa geni kwake, ni jina lisilozoeleka, na huo si upungufu wa jina. Na kama halikumpendeza tu, bila sababu ya kueleza, Kiswahili kina "sikulipenda", kauli inayoacha hukumu kwa msemaji badala ya kuitwika mtoto. "Linachukiwa" ni kali mno isipokuwa pale ambapo chuki ipo kweli, kwa mfano jina la mtawala aliyewatesa watu.

"Maarufu" nalo limepotezwa. Maarufu ni kile kinachojulikana sana. Jina la mwanamuziki mkubwa ni maarufu hata kama hakuna mzazi hata mmoja aliyempa mwanawe. Neema ni jina lililoenea, yaani wengi wanalo. Na kwa wazazi wanaolichagua leo ni jina linalopendwa. Mambo haya mawili hayaendi pamoja siku zote. Jina linaweza kuenea kwa sababu kila ukoo unarithisha majina ya mababu na mabibi, bila yeyote kuulizwa kama analipenda. Na linaweza kupendwa na wengi wasithubutu kulitoa. Kwa hiyo ndugu yako angesema "jina linalopendwa kama Neema", tungemwelewa bila shida.

Kuhusu maana yenyewe, majina ya aina ya Tabu, Shida, Mashaka na Majuto hayakutolewa kama utabiri. Mengi ni kumbukumbu ya wakati wa uzazi, kama vile Masika au Chausiku: mama aliugua, nyumba ilikuwa na msiba, mwaka ulikuwa wa njaa. Mengine yalitolewa kama kinga. Sikitu, yaani "si kitu", ni jina la kumshusha mtoto thamani kwa maneno ili husuda na mauti vimpite, hasa pale ambapo wakubwa zake walifariki. Mengine ni ujumbe kwa majirani. Semeni anaitwa hivyo ili wasemao waendelee kusema. Anayelisoma jina kwa maana ya kamusi peke yake anakosa lile lililokusudiwa na aliyelitoa.

Wapo pia waliobadilishiwa jina ukubwani. Mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, alizaliwa akaitwa Mtumwa, na ulimwengu umemjua kwa Siti, neno la heshima kwa mwanamke, maana yake bibi. Basi mlango huo upo kwa mpwa wako pia akitaka baadaye, lakini ni wake kuufungua.

Mambo mawili ya kumalizia, kwa kuwa bado mko kwenye kuandika na kutangaza. Kwanza, "amepewa jina la Tabu" husikika kama amerithi jina la mtu aitwaye Tabu. Kwenu ni kweli, kwa hiyo iandikeni hivyo bila wasiwasi. Bora zaidi, "amepewa jina la bibi wa baba yake, Tabu". Asiyerithi kwa mtu aandikiwe "ameitwa" au "amepewa jina Tabu". Na anayetaka kulijua aulize "anaitwa nani?", si "anaitwa nini?", kwani "nini" ni ya vitu.

Pili, neno hili lina tahajia mbili zinazokubalika, tabu na taabu, na matamshi yake hutofautiana: katika tabu mkazo uko kwenye "ta", katika taabu uko kwenye "a" ya pili. Angalieni bibi aliandikwaje, chagueni moja, kisha iwe hiyo hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na baadaye fomu za shule. Tabu na Taabu katika karatasi mbili, kwa karani asiyeijua familia, ni watoto wawili.