Ule muhuri kwenye kava za komiki za zamani

SWALI: Mhariri habari, mi mpenzi sana wa komiki za kutisha za Marekani za zamani, nazisoma kwenye simu. Nimeona kuanzia 1955 kava nyingi zina kimuhuri kule juu kina herufi A, na maiti wanaotembea wamepotea ghafla. Serikali iliwapiga marufuku ama? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana ndugu yangu, ule muhuri ni wa wachapishaji wenyewe, serikali kuu haikutunga sheria, ila waliogopa itatungwa. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akisema komiki zinaharibu watoto, na mwezi wa nne maseneta wakakaa New York kuhoji watu. Mchapishaji wa EC, kampuni ya komiki za kutisha, William Gaines, akaonyeshwa kava yake mwenyewe, jamaa kashika shoka na kichwa cha mwanamke, akaulizwa hii ni staha kweli? Akajibu ndio, kwa kava ya komiki ya kutisha. Jibu lile lilimponza vibaya.

Mwaka huohuo wachapishaji wakaunda kamati yao ya ukaguzi, ndiyo iliyokuwa inatoa ule muhuri. Neno "horror" (kutisha) na "terror" (hofu kuu) marufuku kwenye jina la komiki, vampaya marufuku, maiti wanaotembea marufuku, na komiki isiyo na muhuri wasambazaji wengi walikuwa hawaigusi, kwa hiyo Gaines akazifunga zile za kutisha zote.

Lakini kinachoniuma mimi mpaka leo ni hiki. EC walitaka kurudia hadithi yao ya 1953, "Judgment Day", mwanaanga anakagua sayari ya maroboti wanaobaguana kwa rangi, maroboti wa chungwa wanawanyanyasa wa bluu, anawakatalia kujiunga na Jamhuri ya Galaksi, halafu picha ya mwisho kabisa anavua helmeti, kumbe ni mtu mweusi, jasho linang'aa usoni. Hakuna damu, hakuna mzimu, mkaguzi akasema huyo asiwe mweusi! Gaines na mhariri wake Al Feldstein wakagoma wakaichapa hivyohivyo, toleo la 33 la Incredible Science Fiction, 1956, na ndo ikawa komiki ya mwisho ya EC, wakabaki na Mad tu, ile ya vichekesho, ambayo walishaigeuza jarida, haikuhitaji muhuri.

Vampaya waliruhusiwa tena 1971, na muhuri wenyewe ulikufa 2011. We itafute hiyo ya 33 uisome mpaka ile picha ya mwisho.