Risiva ya bei nafuu: nitajuaje kama sauti yake ni nzuri?

SWALI: Fundi, hujambo? Niko Donholm, Nairobi. Nimeona risiva (mashine ya homu thieta yenye amplifaya ya kusukuma spika) ya chaneli 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, iliyotumika, katika duka moja la Luthuli Avenue, bei shilingi 35,000. Imeandikwa wati 140 kwa kila chaneli. Muuzaji alipoifungulia, duka zima lilitetemeka. Nyumbani nina spika za homu thieta ya zamani ambayo mashine yake iliungua, na nataka kuzitumia hizo. Nitajuaje kama sauti ya risiva hii ni nzuri kweli?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kilichotetemesha duka ni sabufa, na sabufa za mifumo hii kwa kawaida huwa na amplifaya yake ndani. Risiva huipelekea ishara tu, nguvu ya kusukuma besi inatoka kwa sabufa yenyewe. Kwa hivyo siku ile hukuisikia risiva unayotaka kununua. Itabidi urudi.

Tuanze na hizo wati 140. Tafuta maelezo ya modeli hiyo, usome maandishi madogo kando ya namba. Mara nyingi namba kubwa hupimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, kwenye spika ya omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani; ikiwa ndogo, spika hunyonya umeme mwingi zaidi), mkwaruzo ukiwa umeruhusiwa kufika asilimia 10. Sauti yenye mkwaruzo wa asilimia 10 imeshavunjika, hakuna anayeweza kuketi akaisikiliza. Kipimo cha haki ni omu 8, chaneli mbili pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, mkwaruzo chini ya asilimia 0.1. Ukiipima hivyo, mashine ileile yaweza kushuka hadi 70 au 80. Mchezo huu ni wa zamani. Marekani ililazimika kuweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya tangu mwaka 1974. Na ukikuta neno PMPO, yaani wati za kilele za kutangazia biashara, kwenye katoni yoyote, usiisome namba iliyo mbele yake.

Hata hivyo, wati 70 za kweli zinakutosha. Spika ya kawaida hutoa kama desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Mtu anayetazama runinga sebuleni anahitaji kama desibeli 65 hadi 70 pale alipoketi. Maana yake, jioni nzima risiva yako itakuwa ikitoa chini ya wati moja, isipokuwa pale bomu linapolipuka kwenye sinema. Ukitoka wati 70 hadi 140 unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Sasa kusikiliza. Amplifaya za aina hii zisizo na ugonjwa, ukizilinganisha zikiwa na sauti ya kiwango kimoja, hukaribiana mno. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado naona ni vigumu kuzitofautisha. Ndiyo maana nakwambia sikio lako lisake ugonjwa kwanza. Muuzaji akikuwekea risiva mbili uchague, hakikisha zimelingana kwa nguvu ya sauti, kwa sababu ile iliyozidi hata kwa desibeli 1 itaonekana tamu zaidi, na mara nyingi ndiyo anayotaka kuiuza.

Mwombe azime sabufa, aweke mfumo wa stirio au Direct (sauti isiyoongezwa chochote), aondoe madoido ya ukumbi na uwanja, besi na treble zirudi sifuri. Kabla ya kucheza chochote, pandisha sauti kufikia pale unaposikiliza kwa kawaida, kisha sogeza sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mvumo mwembamba kama wa upepo ni kawaida. Mngurumo mzito ukiusikia, achomoe waya wa antena au king'amuzi. Ukinyamaza, shida haikuwa ya risiva. Usiponyamaza, iache hapo.

Halafu shusha sauti iwe ndogo sana na usikilize kila upande kwa zamu. Jambo hili ni muhimu kuliko yote kwa mashine iliyotumika. Kuna rilei ndani, swichi inayounganisha amplifaya na spika, ule mlio wa "tak" unaousikia sekunde chache baada ya kuwasha. Ikizeeka, vyuma vyake vinavyogusana hushika uchafu mweusi, na upande mmoja hupotea ukiwa umepunguza sauti, kisha hurudi ghafla ukiongeza. Wiki iliyopita niliifungua moja mezani hapa. Nilipitisha kipande cha karatasi nyeupe yenye spiriti kati ya vyuma hivyo, kikatoka na mstari kama wa makaa. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha spika mara mbili akidhani zimekufa. Dukani, muziki ukivuma, ugonjwa huu hausikiki kabisa.

Baada ya hapo cheza sauti ya mtu. Mimi hutumia taarifa ya habari ya Kiswahili, ya saa moja usiku, niliyorekodi. Maneno kama "serikali", "usalama" na "shilingi" hufichua mengi: herufi s isichome sikio, na sauti ya mtangazaji isikike kama iko katikati ya spika mbili, si imetawanyika. Ikitawanyika na besi ikapungua, kagua waya kwanza, huenda nyekundu na nyeusi zimebadilishwa kwenye spika moja. Kisha weka benga. Gitaa mbili zinapojibizana, je, unaweza kuifuata moja bila kuipoteza nyingine, huku gitaa la besi likitembea chini yake? Pandisha sauti taratibu. Magitaa yakianza kushikana na kuwa makali kama bati, mashine imefika kikomo.

Hizo spika zako za zamani ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Geuza moja usome nyuma. Spika nyingi za homu thieta za seti ni omu 3 au 4, ilhali risiva za kawaida huandikwa omu 6 na kuendelea. Ukiziunganisha, risiva yaweza kupata joto kupita kiasi, ikajizima katikati ya sinema, au ikaungua. Tena spika hizo ndogo hazina besi ya maana. Ningekuwa wewe, ningetafuta risiva ya bei ya chini zaidi, pesa zinazobaki nikanunua spika mbili nzuri za rafu za omu 6 au 8, nikaanza na stirio. Za kati na za nyuma zitafuata mfuko ukiruhusu.

Soma pia volti nyuma ya risiva. Ya Japani ni 100, ya Marekani 120, na stima yetu ni 240. Bila transfoma ya kushusha, inaungua palepale.

Ukishafika nyumbani, piga makofi katikati ya sebule. Ukisikia mwangwi mkali wa vigae na kuta tupu, weka zulia na pazia nzito kabla ya kuilaumu mashine.

Dukani nenda asubuhi, kabla majirani hawajafungulia spika zao mlangoni. Saa sita mchana pale Luthuli huwezi kusikia rilei wala herufi s.